Ricardo Zamora, Mlinda Mlango wa Hispania

Wasomaji wengi wa gazeti letu walikuwapo uwanjani muhula uliopita, siku ya fainali ya mabweni, nao hawana haja ya kukumbushwa ni nani aliyekuwa golini upande ulioshindwa. Nilikuwa mimi. Tulifungwa mabao matano kwa moja, na mawili kati ya hayo matano hata mtoto wa shule ya msingi angaliyazuia. La kwanza lilinipita katikati ya miguu. La pili niliudaka mpira vizuri kabisa, kisha ukaniponyoka mikononi ukaingia ndani. Usiku ule sikula. Kesho yake asubuhi niliifua ile fulana ya golikipa, nikaikausha, nikaikunja, nikaipeleka kwa Mwalimu wa Michezo, nikamwomba amtafute mtu mwingine.

Mwalimu hakuipokea wala hakuikataa. Aliniambia niiweke juu ya meza yake, kisha niende nikatafute habari za mtu mmoja aitwaye Ricardo Zamora, niziandike katika daftari, nimletee kabla muhula haujaisha. Baada ya hapo, kama bado ningetaka kuiacha fulana, angeniruhusu. Nilidhani ile ni adhabu, kwa maana kila mtu shuleni anajua kwamba mimi na kalamu hatupatani sana. Lakini nilitii, nikasoma, na kadiri nilivyosoma ndivyo nilivyozidi kutaka kusoma. Mhariri amenikubalia niyaweke hapa niliyoyapata, ili na ninyi mmjue mtu huyo.

Ricardo Zamora Martínez alizaliwa mwezi wa Januari mwaka 1901 katika mji wa Barcelona, bandari kubwa ya Hispania kwenye Bahari ya Mediterania, katika jimbo la Catalonia. Baba yake alikuwa daktari, na kama walivyo wazazi wengi wenye elimu, alitaka mwanawe naye awe daktari. Mpira wa miguu wakati ule ulikuwa bado mchezo mgeni katika nchi ile. Ulikuwa umeletwa na Waingereza na wageni wengine waliofika kwa shughuli za biashara na kazi, na vijana wa mjini wakauiga. Klabu ya Barcelona ilianzishwa mwaka 1899, na klabu ya Espanyol ya mji huo huo mwaka 1900. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba Zamora na klabu hizo mbili walikua pamoja, kama watoto wa rika moja.

Mwaka 1916, akiwa na umri wa miaka 15 tu, alichukuliwa na Espanyol awalindie mlango. Fikirini, ndugu zangu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili: kijana wa umri wenu amesimama kati ya nguzo mbili, na mbele yake wanakuja watu wazima wenye ndevu. Baba yake hakupendezwa. Zamora alijaribu kumridhisha kwa kuyarudia masomo ya udaktari, lakini moyo wake ulikuwa uwanjani, na mwaka 1919 akaingia klabu ya Barcelona. Huko alikaa miaka mitatu. Katika muda huo Barcelona walitwaa Kombe la Mfalme mwaka 1920 na tena mwaka 1922.

Sasa nije kwenye mwaka 1920, maana ndipo dunia ilipomjua. Mwaka huo Michezo ya Olimpiki ilifanyika katika mji wa Antwerp, nchini Ubelgiji. Vita Vikuu vya Kwanza vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu kabla yake. Hispania ilikuwa haijapata kuwa na timu ya taifa hata siku moja. Wakakusanywa wachezaji kutoka majimbo mbalimbali, wengi wao wakiwa wa jimbo la Basque, na golini akawekwa Zamora, kijana wa miaka 19.

Mchezo wao wa kwanza ulichezwa tarehe 28 Agosti 1920 katika mji wa Brussels, na wapinzani walikuwa Denmark. Hao hawakuwa watu wa kuchezea. Walikuwa wamepata nishani ya fedha katika Olimpiki ya mwaka 1908 na tena katika ile ya mwaka 1912. Hispania wakapata bao moja, na kazi iliyobaki ikawa ya Zamora. Wadenmark walishambulia wakachoka. Mchezo ukaisha bao moja kwa bure, na tangu siku ile jina la kijana huyo likaanza kuandikwa katika magazeti ya Ulaya.

Mchezo wa pili walifungwa na wenyeji, Ubelgiji, mabao matatu kwa moja. Ilionekana kama safari imekwisha. Lakini katika fainali timu ya Chekoslovakia ilimkasirikia refa, ikatoka uwanjani kabla mchezo haujaisha, ikaondolewa katika mashindano. Basi yakafanywa mashindano mengine ya kutafuta mshindi wa pili. Hispania wakawafunga Sweden mawili kwa moja, wakawafunga Italia mawili kwa bure, wakawafunga Uholanzi matatu kwa moja, wakarudi nyumbani na nishani ya fedha.

Ningependa kuishia hapo nikiwa nimemsifu tu, lakini Mwalimu aliniagiza niandike habari zake zote. Katika ule mchezo wa Italia, Zamora alikasirika akampiga mchezaji mmoja wa upande wa pili, na refa akamtoa nje, ikabidi mchezaji wa ndani aende kusimama golini. Tena, walipokuwa njiani kurudi kwao, askari wa mpakani walimkuta na sigara za magendo, akawekwa ndani na kutozwa faini. Hasira hasara, na tamaa nayo haimwachi mtu salama. Kijana aliyetoka kusifiwa na Ulaya nzima alilala mahabusu. Mabaya hayo mawili aliyafanya katika safari moja, na yote mawili yalikuwa ya kujitakia.

Hata hivyo hakuna aliyekana kwamba alikuwa fundi. Ni vema nieleze jinsi kazi ya golikipa ilivyokuwa siku zile, kwa maana sisi wa leo tumezoea mambo laini. Mpira ulikuwa wa ngozi nzito iliyofungwa kwa kamba, na mvua ikinyesha ulikunywa maji ukawa kama jiwe. Mshambuliaji aliruhusiwa kumpiga kumbo golikipa aliyeshika mpira, na kama angeanguka nao ndani ya mstari, lilikuwa bao halali. Makipa wengi walidaka kwa mikono mitupu. Wala hapakuwa na desturi ya kuingiza mchezaji mwingine katika mashindano makubwa. Golikipa akiumia, aidha aliendelea kucheza na maumivu yake, au mwenzake wa ndani aliivaa fulana yake na timu ikabaki na watu kumi.

Zamora alikuwa mrefu, mwenye mabega mapana, na alipenda kuvaa vizuri. Alicheza amevaa sweta yenye shingo ndefu na chepeo kichwani. Watu walidhani ni maringo, na labda yalikuwamo kidogo, lakini chepeo kilimkinga na jua, na sweta nene ilimpunguzia makali ya kumbo na kuanguka. Alikuwa na namna yake mwenyewe ya kuzuia. Mpira ukija kwa kasi karibu na mwili, aliupiga kwa kiwiko au kwa mkono wa mbele ukaenda mbali, mahali ambapo mwingine angeudaka kwa viganja na kuumizwa vidole. Wahispania wakaipa namna hiyo jina lake, wakaiita zamorana. Mwenyewe wakamwita El Divino, maana yake ni kwamba uhodari wake ulikuwa kama wa mbinguni.

Nimejaribu hiyo zamorana nyuma ya bweni letu. Kiwiko changu kilivimba siku tatu, na mpira ulikwenda jikoni. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Mwaka 1922 alirudi Espanyol, akakaa nao miaka minane. Katika miaka hiyo mchezo wenyewe ulibadilika. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilirekebishwa. Zamani mshambuliaji alitakiwa awe na wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli, na sasa wakatosha wawili. Washambuliaji wakapata njia pana, na mabao yakaongezeka. Mwaka 1926 Hispania iliruhusu wachezaji kulipwa mshahara kwa sheria, badala ya kulipwa kwa siri kama ilivyokuwa. Mtoto wa daktari aliyeacha udaktari kwa ajili ya mpira akawa sasa na kazi inayotambuliwa rasmi.

Mwaka 1929 ulikuwa mwaka wake. Tarehe 3 Februari, katika mji wa Valencia, Espanyol walikutana na Real Madrid katika fainali ya Kombe la Mfalme. Mvua ilinyesha kwa nguvu hata uwanja ukawa kama shamba la mpunga, na hata leo Wahispania wanauita mchezo ule fainali ya maji. Espanyol walishinda mabao mawili kwa moja, na hilo likawa kombe lao la kwanza. Wiki iliyofuata yakaanza mashindano ya Ligi ya Hispania kwa mara ya kwanza, yenye timu kumi.

Kisha, tarehe 15 Mei 1929, Waingereza wakaja Madrid. Wasomaji waelewe maana ya jambo hilo. Waingereza ndio waliouandikia mpira wa miguu sheria zake, na timu yao ya taifa ilikuwa haijapata kufungwa na nchi yoyote nje ya visiwa vyao vya Uingereza. Siku ile kulikuwa na joto kali. Wageni wakatangulia kwa mabao mawili, Wahispania wakasawazisha. Wageni wakapata la tatu, nao Wahispania wakasawazisha tena, na mwisho wakafunga la nne. Wanne kwa watatu. Inasimuliwa kwamba Zamora alicheza huku ameumia mfupa wa kifua, na maumivu yakampata kila alipoinua mikono. Watu waliingia uwanjani kwa furaha, na nchi nzima ikasherehekea.

Mwaka uliofuata, 1930, Real Madrid walimnunua kwa peseta 150,000, fedha ambazo watu wa Hispania walikuwa hawajapata kusikia zikilipwa kwa ajili ya mcheza mpira. Mara baada ya hapo nchi yenyewe ikageuka. Mwezi wa Aprili 1931 Mfalme Alfonso wa Kumi na Tatu aliondoka, Hispania ikawa jamhuri, na kwa kuwa neno Real maana yake ni ya kifalme, klabu ikaliacha neno hilo ikaitwa Madrid tu. Rais wa kwanza wa jamhuri hiyo aliitwa Niceto Alcalá-Zamora. Kuna masimulizi ya mzaha kwamba Stalin, mtawala wa Urusi, alipoambiwa kuwa Zamora amekuwa rais wa Hispania, aliuliza kama ni yule golikipa.

Sasa nimefika mahali ambapo, nadhani, Mwalimu alitaka nifike.

Tarehe 9 Desemba 1931 Hispania walikwenda London kurudiana na Waingereza, katika uwanja wa Highbury. Waingereza walikuwa wamengoja siku hiyo kwa miaka miwili na nusu. Watu walijaa kumwona golikipa aliyesemwa kuwa hana mfano duniani. Ilikuwa katikati ya majira ya baridi, hali ya hewa ambayo watu wa Barcelona na Madrid hawakuizoea, na washambuliaji wa Kiingereza walikuja mbio kama mafuriko, akiwamo Dixie Dean, mfungaji wao mashuhuri. Zamora alikosea mapema. Likaingia la kwanza, likaingia la pili, na kabla Wahispania hawajapata kupumua yakawa mengine. Mchezo ulikwisha mabao saba kwa moja.

Saba! Mimi nilipofungwa matano niliona dunia imekwisha, na waliokuwa wakitazama ni wanafunzi wenzangu na wapishi wa shule. Yeye alifungwa saba mbele ya halaiki ya watu wa London, na kesho yake habari zikasomwa katika kila nchi inayocheza mpira. Magazeti ya Uingereza yalishangaa kama huyu ndiye yule aliyesifiwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wakubwa wetu husema, na bila shaka wako waliosema hivyo juu yake siku ile. Alikuwa na umri wa karibu miaka 31. Angaliweza kuona haya, akaivua sweta yake, akatafuta shughuli nyingine, na hakuna ambaye angemlaumu, maana alikuwa amekwisha kupata heshima ya kumtosha.

Nilikwenda kutafuta alifanya nini baada ya hapo. Alipanda treni akarudi Madrid, akaendelea na kazi. Ligi ya mwaka ule ilikuwa imeanza wiki chache kabla ya safari ya London, nayo ikaendelea mpaka mwezi wa Aprili 1932. Mbele yake walisimama mabeki wawili hodari, Ciriaco na Quincoces, walionunuliwa pamoja kutoka klabu ya Alavés, na nyuma yao alikuwapo Zamora. Katika michezo 18 ya ligi, Madrid hawakushindwa hata mmoja. Walishinda 10 na kutoka sare 8. Mabao waliyofungwa katika michezo yote hiyo yalikuwa 15 tu. Wakawa mabingwa wa Hispania kwa mara ya kwanza, na mwaka uliofuata wakautwaa ubingwa tena. Yote hayo yalianza katika majira yale yale aliyofungwa saba London.

Niliposoma habari hiyo niliweka kitabu chini nikakaa kimya muda mrefu. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Mithali hii tumeisikia tangu darasa la kwanza, nami nilidhani maana yake ni kumpa mkono aliyekushinda, basi. Sasa naona ina maana nyingine. Aliyekubali kwamba amefungwa anaweza kutazama alikosea wapi, akarudi kazini. Asiyekubali hutoa udhuru, au hukimbia. Mimi nilikuwa nimekimbia.

Mwaka 1934 mashindano ya Kombe la Dunia yalifanyika Italia. Tarehe 27 Mei, katika mji wa Genoa, Hispania waliwafunga Brazil matatu kwa moja. Katika mchezo huo Brazil walipata penalti, akaipiga Waldemar de Brito, na Zamora akaizuia. Huyo Waldemar ndiye ambaye miaka mingi baadaye alimgundua kijana Pelé na kumpeleka klabu ya Santos. Tarehe 31 Mei, mjini Florence, Hispania walikutana na wenyeji Italia, wakati wa utawala wa Mussolini, aliyetaka sana kombe hilo libaki kwao. Ulikuwa mchezo mkali wenye kuumizana. Hispania walitangulia kufunga, na Waitalia wakasawazisha katika msukumano ambao Wahispania walilalamika kwamba Zamora alizuiliwa asiufikie mpira. Muda wa nyongeza ulikwisha bila mshindi. Ikaamriwa warudiane kesho yake. Zamora alikuwa ameumia kiasi cha kutoweza kucheza, na pamoja naye wenzake kadhaa. Italia wakashinda bao moja kwa bure, na baadaye wakalitwaa kombe. Safari hii hakuna aliyesema kwamba sifa za Zamora zilikuwa za uongo.

Mchezo wake wa mwisho wa mashindano akiwa na Madrid ulikuwa tarehe 21 Juni 1936, fainali ya kombe la nchi, tena katika mji ule ule wa Valencia. Wapinzani walikuwa Barcelona, klabu yake ya zamani. Madrid waliongoza mawili kwa moja, lakini mchezaji wao mmoja alikuwa ameumia, na Barcelona wakawazingira. Dakika za mwisho kabisa, mshambuliaji Escolà alipata nafasi akaupiga mpira chini kwa nguvu karibu na nguzo. Zamora akajitupa. Uwanja ulikuwa mkavu, likapanda wingu la vumbi, na kwa muda hakuna aliyeona kitu. Watu wa Barcelona walikuwa wamekwisha inua mikono kushangilia. Vumbi lilipotulia, Zamora alikuwa akiinuka, na mpira ulikuwa mikononi mwake. Ipo picha ya tukio hilo, na kwa Wahispania ni picha mashuhuri kama ilivyo picha ya mfalme.

Wiki nne baadaye, mwezi wa Julai 1936, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilizuka Hispania. Majenerali waliasi serikali ya jamhuri, na watu wa nchi moja wakaanza kuuana. Mtu mashuhuri hakuwa na mahali pa kujificha. Ikatangazwa katika magazeti ya upande wa waasi kwamba Zamora ameuawa na watu wa upande wa jamhuri, na sala za maiti zikasomwa makanisani kwa ajili yake. Kumbe alikuwa hai. Alikuwa amekamatwa na kutiwa katika gereza liitwalo Modelo mjini Madrid, ambamo wafungwa wengi walitolewa usiku wasirudi tena. Aliokoka kwa kuwa wako waliomtambua na kumpenda. Mmoja wao alikuwa mshairi Pedro Luis de Gálvez, aliyekuwa na sauti katika upande uliomfunga, naye akasimama kumtetea. Akaachiliwa, akapata hifadhi katika ubalozi wa Argentina, kisha akavuka kwenda Ufaransa. Huko alijiunga na klabu ya mji wa Nice, pamoja na rafiki yake wa siku nyingi Josep Samitier, akacheza mpaka mwaka 1938, alipoivua sweta kwa mara ya mwisho.

Jambo hilo la gerezani limenifanya nifikiri. Mikono iliyozuia mikwaju ya nchi nyingi haikuwa na uwezo wa kuuzuia mlango wa gereza. Kilichomponya ni kwamba watu wa pande zote walikuwa wamewahi kusimama uwanjani wakimshangilia, na baadhi yao hawakusahau.

Vita vilikwisha mwaka 1939. Zamora alirudi akawa mwalimu wa mpira wa klabu ya Atlético Aviación ya Madrid, iliyoundwa kwa kuunganisha Atlético na timu ya jeshi la anga. Chini yake walikuwa mabingwa wa ligi mwaka 1940 na tena mwaka 1941. Baadaye aliifundisha Celta ya mji wa Vigo, akaifikisha fainali ya kombe mwaka 1948, na mwaka 1952 alisimamia timu ya taifa kwa muda mfupi. Mwanawe, aliyepewa jina lile lile la Ricardo, naye alikuwa golikipa. Zamora mwenyewe alifariki Barcelona, mji aliozaliwa, mwezi wa Septemba 1978, akiwa na umri wa miaka 77.

Jina lake halikuzikwa naye. Tangu msimu wa 1958-59 gazeti la michezo liitwalo Marca hutoa tuzo inayoitwa Zamora kwa golikipa wa Ligi ya Hispania aliyefungwa mabao machache kuliko wenzake. Hesabu yake ni rahisi: wanachukua mabao aliyofungwa, wanayagawanya kwa michezo aliyocheza, na mwenye jibu dogo ndiye mshindi.

Nimeifanya hesabu hiyo kwa Zamora mwenyewe. Aliichezea Hispania mara 46, na mpaka miaka ya 1970, alipopitwa na golikipa mwenzake Iribar, hakuna Mhispania aliyekuwa ameichezea nchi yake mara nyingi zaidi. Katika michezo hiyo 46 alifungwa mabao 42. Ukiondoa yale saba ya London, yanabaki mabao 35 katika michezo 45. Mwalimu wetu wa hesabu amekagua, amesema ni sawa. Lakini ameniambia pia kwamba yale saba siwezi kuyaondoa, maana yalifungwa. Yamo ndani ya 42, na hata yakiwamo, jibu ni chini ya bao moja kwa kila mchezo.

Sitaki mfikiri kwamba kila alilolifanya Zamora ni la kuigwa. Alivuta sigara nyingi mno, zaidi ya pakiti kwa siku, na alipenda pombe kali ya konyagi, na yale ya mwaka 1920 nimekwisha kuyaeleza. Wazazi wanaosoma ukurasa huu wasiogope. Nimejifunza kwake jambo moja tu, nalo ni kwamba golikipa hawezi kuchagua siku ya kukumbukwa. Wako wanaomkumbuka kwa vumbi la Valencia, na wako wanaomkumbuka kwa mabao saba ya London. Alisimama golini siku zote mbili.

Juma lililopita nilipeleka daftari langu kwa Mwalimu wa Michezo. Alilisoma lote mbele yangu, akasahihisha makosa ya nukta na mkato, akanirudishia bila kusema neno. Fulana ilikuwa bado juu ya meza yake, imekunjwa vile vile nilivyoiacha, imeota vumbi kidogo. Niliichukua.

Mashindano ya mabweni yataanza wiki ya tatu ya muhula ujao. Bila shaka nitafungwa tena. Nawaomba wenzangu, nikifungwa, mcheke kwa kiasi, kisha mnirushie mpira upesi tuendelee.

Mlinda mlango, Kidato cha Tatu